Eliya, Elijah, Elias: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jina Hili

Nina kibanda cha saiba, yaani huduma za mtandao, karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Siku nzima nawajazia watu fomu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, usajili wa watoto shuleni. Mimi mwenyewe naitwa Eliya, na labda kwa sababu jina hilo limebandikwa mlangoni, kila anayetaka kumpa mtoto jina hili huniuliza mimi. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi sehemu ya makaratasi.

## Maana na asili

Jina Eliya lina maana gani?

Ni sentensi nzima iliyofupishwa ikawa jina. Kwa Kiebrania kamili ni Eliyahu. "El" ni Mungu, ile "i" inayofuata ni sawa na "wangu", na "Yahu" ni kifupisho cha jina lenyewe la Mungu wa Israeli, lile ambalo Biblia zetu za Kiswahili huliandika BWANA. Ukiunganisha unapata: Mungu wangu ni Yahu. Eliyahu likikatwa mkia linabaki Eliya, na Waebrania wenyewe walilitumia hivyo pia.

Kama unataka kulisikia kwa sikio la nyumbani, sema "Haleluya". Sehemu ya kwanza ni "msifuni", na ile "ya" ya mwisho ndiyo hiyohiyo "ya" ya Eliya. Ipo pia katika Isaya, Yeremia, Nehemia, Obadia na Zekaria. Kwa hiyo kila Jumapili kanisa zima huimba nusu ya jina la mwanao.

Kwa nini Waingereza huandika Elijah, kwa herufi j?

Kiebrania hakina sauti ya j kama ya "jiko". Kina y. Katika Kilatini herufi i ilifanya kazi mbili, ya irabu na ya y, na baadaye waandishi wakairefusha mkia ikawa j. Zilianza kutenganishwa kabisa mnamo karne ya 16. Wajerumani mpaka leo huandika j na kutamka y. Waingereza walikuwa wamepokea j ya Kifaransa, kwa hiyo walipoiona ndani ya jina wakaitamka kama ya "jiko". Ile h ya mwisho inafuata herufi ya Kiebrania ambayo hapo haisikiki.

Basi lipi ni sahihi, Eliya au Elijah?

Yote mawili ni jina lile lile, na hakuna anayekosea. Lakini nitasema wazi ninachokiamini, kwa sababu mara nyingi mzazi huniambia kwa sauti ya chini, "Andika Elijah, Eliya ni ya kijijini." Sivyo. Eliya ndilo lililo karibu zaidi na kinywa cha nabii mwenyewe. Mtu wa Gileadi wa karne ya 9 kabla ya Kristo akifufuka leo akapita Kibuye, ukiita "Eliya!" atageuka. Ukiita "Elijah" kwa j ya Kiingereza, ataendelea na safari yake. Mbona hatuoni haya kusema Haleluya? Kila mtu huitamka kwa y, na hakuna anayeiita ya kijijini.

Chagua Elijah ukilipenda. Usilichague kwa kuona aibu ya Eliya.

Elia, Elias, Elie na Iliyasi ni majina tofauti?

Ni matawi ya mti mmoja. Wagiriki waliongeza s mwishoni, kama walivyofanya kwa majina mengi ya wanaume, likawa Elias, na kwa njia hiyo likaingia Kilatini na makanisa ya zamani. Ndiyo sababu Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 humwita Elijah katika Agano la Kale na Elias katika Agano Jipya, na wasomaji wengine hudhani ni watu wawili. Elie ni la Kifaransa. Utaliona kwenye karatasi za ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Elia limo katika tafsiri ya Habari Njema, na Eliya katika Union Version.

Iliyasi, au Ilyas, ndilo la Kiarabu. Qurani inamtaja katika sura ya 6 na ya 37 miongoni mwa mitume. Familia za Kiislamu za Mumias na Kendu Bay zinazoniuliza kama jina hili linawafaa, jibu langu ni kwamba nabii ni yuleyule.

Hata hivyo, mbele ya karani Elias na Eliya ni majina mawili, hata kama asili ni moja. Tazama sehemu ya makaratasi.

Na Elisha? Si ni Elijah kwa matamshi mengine?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloumiza watu wengi zaidi. Elisha ni jina jingine lenye mwanzo uleule: "Mungu wangu ni wokovu". Alikuwa mwanafunzi wa Eliya, yule aliyeliokota vazi lililoanguka mwalimu wake alipochukuliwa. Katika Qurani ni Alyasaa.

Kwetu mkanganyiko huzidishwa na ndimi zetu. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hiyo Elisha huwa "Elisa", na karani asiyeuliza mara ya pili anaweza kuandika Eliza, mtoto wa kiume akabaki na jina la dada yake.

Eli ni kifupi cha Eliya?

Kwa kuitana nyumbani, ndiyo. Wengi hapa huandika Eli au Elly, na hakuna ubaya. Lakini Eli yule kuhani aliyemlea Samweli ana jina lake mwenyewe. Linaanza na herufi nyingine ya Kiebrania inayotamkwa kooni, na mzizi wake unahusu kuwa juu, wala hauna neno Mungu ndani yake. Ukiandika Eli kwenye cheti, umempa mtoto jina kamili la kuhani, hujafupisha la nabii.

Kufanana kwa sauti ni kwa zamani. Mathayo sura ya 27 inasimulia kwamba Yesu alipolia msalabani akimwita Mungu wake, baadhi ya waliosimama pale walisema, "Huyu anamwita Eliya." Walisikia "Eli" wakadhani ni jina.

## Mwenye jina

Eliya mwenyewe alikuwa nani?

Anatokea ghafla katika 1 Wafalme 17, bila baba wala mama kutajwa: Eliya Mtishbi, kutoka Gileadi, ng'ambo ya Yordani. Mfalme wa Israeli ni Ahabu, mkewe ni Yezebeli binti wa mfalme wa Wasidoni, na ibada ya Baali imeshika nchi. Baali alisadikiwa kuwa mungu wa mvua. Eliya anasimama mbele ya mfalme na kusema mvua haitanyesha ila kwa neno lake. Kunguru wanamletea chakula penye kijito cha Kerithi mpaka kijito kinakauka, kisha anakwenda Sarepta kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, ambaye alikuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho yeye na mwanawe.

Mwishowe anawakusanya watu mlimani Karmeli, moto unashuka, na umati unapiga kelele: "BWANA ndiye Mungu, BWANA ndiye Mungu." Yasome maneno hayo tena ukikumbuka maana ya jina. Umati mzima ulikuwa unatamka jina la Eliya kwa maneno marefu. Ugomvi wote wa miaka ile, wa ni nani hasa Mungu, ulikuwa umeandikwa kwenye jina lake tangu siku aliyopewa.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Anamtuma mtumishi wake kutazama upande wa bahari. Hamna kitu. Anarudi tena na tena, na mara ya saba anasema ameona wingu dogo kama mkono wa mtu. Sisi wa Kisumu hatuhitaji kuelezwa. Mwezi wa tatu, ardhi ikiwa imepasuka huko Nyando, utaona mama anayepanga dagaa akinyanyua shingo kutazama upande wa ziwa. Kiwingu ni kidogo kama kiganja. Anaanza kukunja turubai lake, na jirani anaona akikunja naye anakunja.

Alichukuliwa mbinguni bila kufa. Jina halitamchukua mtoto wangu mapema?

Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na nyanya wa mtoto, na sidharau hofu hiyo. Mtu aliyewahi kuzika mtoto mchanga ana haki ya kuuliza.

Lakini tazama maisha yenyewe. Huyu ni mtu aliyetafutwa na malkia auawe akasalimika, aliyepita katika njaa ya miaka akalishwa, na ambaye mwana wa mjane alipokufa aliomba mpaka pumzi ikamrudia mtoto. Zaidi ya hapo, alipochoka kabisa na kuomba kufa chini ya mti wa mretemu, hakukemewa. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwambia ale. Akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Baada ya hapo ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu na kuisikia ile sauti ndogo, ya utulivu. Mimi nikiwa na siku mbaya huikumbuka ile sehemu ya kula na kulala. Sioni katika jina hili kitu cha kumtishia mtoto.

Kuna Eliya mmoja tu katika Biblia?

Hapana. Orodha za 1 Mambo ya Nyakati 8 na Ezra 10 zinataja wengine wenye jina hili, watu wa kawaida tu waliopewa na wazazi wao kama unavyompa mwanao.

Wayahudi bado hulitumia?

Sana, kwa umbo la Eliyahu, na kwa kifupi Eli. Mwanachuoni mkubwa wa Vilna wa karne ya 18 aliitwa Eliyahu (1720 hadi 1797). Katika chakula cha Pasaka humwekea nabii kikombe chake cha divai mezani na kufungua mlango, kwa sababu Malaki anasema atarudi. Mtoto wa kiume akitahiriwa, kiti kimoja huitwa cha Eliya.

## Jina hapa kwetu

Lilifikaje magharibi mwa Kenya?

Kwa misheni na ubatizo. Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na misheni ya Kianglikana ya Maseno ilianza 1906. Aliyebatizwa alichagua jina la Biblia, na kwa watu wanaolima kwa kutegemea mvua, nabii aliyeifunga na kuifungua hakuwa mgeni. Wazee wetu walikuwa na waombaji mvua wao. Walipomsikia Eliya walijua anazungumziwa mtu wa namna gani.

Nikimwita mwanangu Elijah, si watasema nimemwita kwa Elijah Masinde?

Upande wa Bungoma na Trans Nzoia, huenda. Elijah Masinde alizaliwa karibu na Kimilili mnamo 1910, akawa mchezaji mpira wa kusifika, akalelewa katika kanisa la Marafiki kisha akaachana nalo na kuongoza Dini ya Msambwa, iliyowaita Wabukusu warudi kwenye ibada ya mababu na kuwapinga wakoloni. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini huko Malakisi na watu 11 wakafa. Masinde alifungiwa mbali, Lamu, na hata baada ya uhuru serikali ya Kenya nayo ikamfunga. Alifariki mwaka 1987.

Kwangu, kuna jambo la kuheshimu hapo. Mtu alipewa na wageni jina la nabii aliyewakabili wafalme, naye akaishi kama wa kuwakabili. Ukiulizwa, huna sababu ya kukana. Kama si yeye uliyemkusudia, sema ni nabii, na mazungumzo yataishia hapo.

Wengine mashuhuri ni nani?

Elijah Mwangale, naye wa Bungoma, aliongoza kamati ya bunge iliyochunguza mauaji ya mbunge J. M. Kariuki mwaka 1975 na baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Elijah Manangoi alishinda dhahabu ya mita 1500 katika mashindano ya dunia jijini London mwaka 2017.

Ni kweli limekuwa la mtindo ng'ambo?

Ni kweli. Marekani lilishika nafasi ya 4 kwa wavulana mwaka 2020 na tena 2021. Wazazi vijana hulileta kwangu kama jina jipya la kwenye simu, kumbe babu yao aliyezikwa Vihiga aliitwa hivyo.

Linapatana na majina gani ya nyumbani?

Na yote, lakini kuna yanayopendeza kwa namna ya pekee kwa sababu ya mvua. Eliya Okoth: Okoth ni aliyezaliwa mvua ikinyesha. Eliya Kiprop, kwa Wakalenjin, vivyo hivyo. Wabukusu wana Wafula wa masika na Simiyu wa kiangazi, na Eliya anabeba vyote viwili, maana alikuwa nabii wa ukame kabla ya kuwa nabii wa mvua. Hata Wanjala, aliyezaliwa wakati wa njaa, ana mahali pake kwa yule mjane wa Sarepta.

Nyanya yake hutamka "Elicha". Nimsahihishe?

Muache. Kibukusu na Kikalenjin haviwezi kuisimamisha j peke yake katikati ya irabu, huigeuza ch. Anayemwita mjukuu wake hivyo anamwita kwa upendo. Ukitumia Eliya tatizo lenyewe halipo, kwa kuwa y inatamkika kwetu sote.

Lipo la kike?

Kwetu hapa Eliya ni la wanaume. Wengine hufikiri Aliya ndilo la kike, lakini hilo ni jina jingine. Kwa Kiarabu ni "aliye juu", na linatoka kwenye ukoo wa maneno wa Eli kuhani (tazama swali la Eli hapo juu). Ni jina zuri, ila usimwambie binti yako kwamba ni la nabii.

## Makaratasi

Niliandikeje kwenye cheti?

Kwa namna moja tu, siku ya kwanza, na usibadilishe kamwe. Nasema hivi kwa uchungu. Kanisani nilibatizwa Eliya. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Elisha, na mama, ambaye hakusoma, alikikunja akakitia sandukuni. Mwalimu wa darasa la kwanza aliona Eliya si jina kamili akaandika Elijah. Nilipomaliza sekondari nilikuwa watu watatu. Nilikaa karibu mwaka mzima nikizunguka ofisi moja baada ya nyingine, nikiambiwa nilete mtu mwenye jina lililo kwenye karatasi, nami nikisema mtu huyo ni mimi.

Kwa hiyo, kabla hujatoka hospitalini baada ya kujifungua, liandike jina mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, E-L-I-Y-A au lolote ulilochagua, umpe karani alinakili. Usilitamke tu. Kisha soma ile notisi ya kuzaliwa kabla ya kuondoka. Hapo ndipo kosa hurekebishika kwa urahisi, na karani hawezi kukukasirikia ukimwambia kwa adabu, "Samahani dada, hebu tuangalie herufi hii."

Kosa limeshafanyika. Nifanye nini?

Mtoto akiwa mdogo, nenda kwa msajili wa vizazi mapema ukiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, na vitambulisho vya wazazi. Usingojee mtihani. Shule husajili mtoto kwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kosa la pale hunakiliwa kwenye kila karatasi inayofuata.

Mtu mzima mwenye majina yanayopingana huanza na kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kinachosema Elisha na Elijah na Eliya ni mtu mmoja. Baadhi ya ofisi huridhika na hicho. Ukitaka kulibadilisha jina lenyewe kabisa, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, isajiliwe na itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya hapo ndipo urekebishe kitambulisho na mengine, moja baada ya jingine.

Nimepata mapacha wa kiume. Nataka Eliya na Elisha.

Kila mwenye mapacha huliona wazo hili kuwa zuri, na nalielewa: mwalimu na mwanafunzi wake, vazi moja. Ila fikiria fomu. Jina la baba moja, tarehe moja ya kuzaliwa, na ukiandika Elijah na Elisha, yote mawili yana herufi sita na tatu za kwanza ni zilezile. Mmoja akilazwa, dawa zitaandikwa kwenye kadi ya nani? Mtihani wa nani utawekwa alama za nani?

Dada mmoja alikuja na watoto wa wiki tatu, Opiyo mgongoni na Odongo mapajani, akiwa ameshaamua majina hayo mawili. Nilimwandikia yote mawili kwenye karatasi, moja chini ya lingine, nikamgeuzia. Akayatazama kwa muda. Kisha akauliza kama kuna jina jingine lililo karibu na Eliya lisilofanana naye kwa maandishi.

Nikamwambia kwamba mapokeo ya zamani ya Kiyahudi yanasema yule mwana wa mjane wa Sarepta, aliyerudishiwa pumzi na Eliya, alikua akawa nabii Yona. Akanyamaza kidogo, akamsogeza Odongo karibu na kifua.

"Andika Eliya Opiyo," akasema. "Na huyu, Yona."